Tanbihi za Profesa Kiboko

"Natoa!"

"Toa tupokee!"

"Nikikosea?"

"Tutakosea pamoja!"

"Na atakayesinzia?"

"Aamkie hadithi ya jirani!"

Haya. Sogeeni basi, msinizibie mlango. Umeme umekatika, mashine imelala, na tasnifu zenu hazitatoka hata mkinikodolea macho namna hiyo. Najua ni mchana. Najua walisema anayetoa ngano mchana huota pembe. Mimi nimewapigia chapa wasomi miaka ishirini na sita. Pembe nilizihitaji zamani. Kibwana, weka simu chini, sikiliza.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo kikuu. Msicheke. Kilikuwa kwenye kona ya mto, kina seneti, kina msajili, kina ubao wa matangazo ambao hakuna aliyeusoma. Mwenyekiti wa Seneti alikuwa Bi Twiga. Bi Twiga aliona mbali sana, mpaka ng'ambo ya vilima. Karatasi iliyokuwa mezani pake hakuiona, shingo haikukubali. Kwa hiyo Kunguru, karani wa Seneti, ndiye aliyekuwa akimsomea.

Na mkubwa wa wasomi wote alikuwa Profesa Kiboko. Akipita, ndi! ndi! ndi! madirisha yanatikisika. Alikuwa na vitabu kumi na vinne. Kitabu cha ujenzi walikiandika mchwa, yeye akatia jina. Kitabu cha asali walikiandika nyuki, yeye akatia jina. Kitabu cha kuruka angani walikiandika mbayuwayu, yeye akatia jina, na hajawahi kuruka hata mara moja.

Na Profesa Kiboko alikuwa na swali moja tu maishani. Umwambie lolote, atakuuliza hilo hilo.

"Profesa, wingu limetanda, mvua inakuja."

"Limeandikwa wapi?"

Akanyeshewa.

"Profesa, usikae hapo, kuna siafu."

"Limeandikwa wapi?"

Akaumwa. Lakini aliumwa kisomi, maana hakuondoka mpaka kikao kilipokwisha.

Basi mwaka mmoja mvua ikagoma. Mto ukashuka, ukashuka, mpaka ukamfika Profesa Kiboko magotini. Kwa mimi na wewe maji ya magoti ni neema. Kwa kiboko ni msiba, mgongo wote uko nje unaungua. Seneti ikakaa. Bi Twiga akatazama mbali, akasema, "Elimu ya hapa mtoni imefika mwisho. Lazima tushirikiane na wenye elimu za kwao, huko waliko. Tuwasikilize. Tukae nao sawa kwa sawa." Wakaupa mpango huo jina, Daraja la Maarifa. Wakapiga makofi. Wakanywa chai.

Sasa kulikuwa na mahali panaitwa Majabalini, juu huko kwenye mawe, wanakokaa pimbi. Mnawajua pimbi? Wanyama wadogo, wanene kidogo, mkia hawana, wanashinda wakiota jua juu ya mwamba. Chini ya mwamba wao kulikuwa na kisima kisichokauka. Hakikuwa kikubwa, upana wa sufuria ya pilau ya shughuli. Lakini maji yake, tiri-tiri-tiri, kiangazi na masika, tiri-tiri-tiri.

Kisima hicho kilikuwa na tabia yake. Usiku tope hujaa. Tope lisipoondolewa siku mbili, maji hufunga njia yakaenda zake, na hayarudi. Aliyejua kuliondoa bila kuvunja njia ya maji alikuwa bibi mmoja tu. Kila alfajiri anashuka, kwaru-kwaru-kwaru, anachokoa kwa kucha. Akimaliza anawaita viumbe wote waje kunywa. Anayeanza ni mdogo kuliko wote, kisha anayemzidi, kisha anayemzidi huyo. Yeye mwenye elimu anakunywa mwisho. Miaka arobaini hivyo. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, akishuka yanalia kabla yake.

Bibi huyo alikuwa na mjukuu, Pimbi. Pimbi alikwenda shule, akaandika vizuri, mwandiko mdogo, safi, akapata kazi chuoni. Msaidizi wa utafiti wa Profesa Kiboko. Mnajua kazi ya msaidizi wa utafiti. Wengine wenu mnaifanya sasa hivi, ndiyo maana mmekonda.

Siku ya safari, Profesa akapanda Majabalini, ndi! ndi! ndi! Pimbi mbele akimwonyesha njia. Wakamkuta Bibi ameketi juani.

"Mimi ni Profesa Kiboko," akasema Kiboko.

"Marahaba," akajibu Bibi, ingawa hakuna aliyemwamkia.

Pimbi akaona aibu. Akamnong'oneza bosi wake, "Profesa, huku kwetu anayetaka elimu huomba mara tatu. Leo, kesho, na kesho kutwa. Katikati anakaa kimya, anatazama kazi inavyofanywa."

"Limeandikwa wapi?" akasema Kiboko. Kisha akamgeukia Bibi. "Naomba, naomba, naomba."

Bibi akamtazama Pimbi. Pimbi akatazama jiwe.

"Ameomba," akasema Bibi. Maana kwao aliyeomba mara tatu hanyimwi, hata akiomba vibaya. Akamweleza yote. Jiwe linavyosogezwa. Tope linavyochokolewa. Nani anakunywa kwanza na nani anakunywa mwisho. Alieleza mpaka jua likahama upande.

"Na yote haya," akasema Kiboko, "yameandikwa wapi?"

"Hayajaandikwa. Yanafanywa."

"Basi hayana mwenyewe. Kwetu mtoni elimu ni ya aliyeiandika."

"Kwetu huku," akasema Bibi taratibu, "elimu ni ya anayeifanyia kazi. Ukisema hii ni yangu, na kazi yake ni yako."

"Hoh-hoh-hoh!" Kiboko akacheka mpaka mawe mawili yakaporomoka. "Pimbi, hilo la kazi usiliandike."

Wakarudi chuoni. Kiboko akajilaza kwenye tope lililobaki, akawa anasema, Pimbi anaandika. Anasema, Pimbi anaandika. Wakafika ukurasa wa kwanza wa maelezo ya kisima, Kiboko akasema, "Andika hivi. Mimi, Profesa Kiboko, baada ya utafiti mrefu na wa taabu, niligundua kisima. Nilipata maelezo madogo madogo kutoka kwa mzee mmoja wa kike."

Kalamu ya Pimbi ikasimama.

"Profesa, mzee mmoja wa kike ni bibi yangu. Ana jina."

"Jina lake linapatikana katika kitabu gani?"

"Hakuna."

"Unaona." Akajigeuza upande wa pili, chubwi. "Usinune. Wewe nitakutaja kwenye shukrani. Nitasema nawashukuru wote."

Pimbi akakasirika, jamani. Alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Lakini hilo la jina lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja baadaye.

"Na Seneti ikishakipitisha kitabu," akasema Kiboko, "unaijua sheria ya chuo. Mgunduzi ndiye mtumiaji wa kwanza. Siku hiyo hiyo nakwenda kule juu, naingia kisimani mzima mzima."

"Profesa, kisima ni upana wa sufuria! Ukiingia utaziba njia ya maji. Kitakufa."

"Nitakipanua."

"Kitakufa, Profesa. Na watoto wetu watakunywa nini?"

"Limeandikwa wapi," akauliza Kiboko, "kwamba pimbi hunywa maji?"

Pimbi akainuka. Akakusanya karatasi zake, akaondoka. Alilia njia nzima kupanda Majabalini. Akamweleza Bibi yote, la jina, la shukrani, la kuingia mzima mzima. Bibi alikuwa akijikanda magoti kwa mafuta. Hakuacha kujikanda.

"Amesema kisima ni chake?"

"Amesema, Bibi."

"Chote?"

"Chote."

"Basi mpe chote," akasema Bibi. "Usimpunjie mgeni. Mpe na kazi yake."

Pimbi akaketi kando yake. Akafikiri. Akafuta machozi. Kesho yake asubuhi akarudi chuoni, uso mkavu kabisa, kalamu sikioni.

"Profesa, kitabu kiko tayari. Lakini naona hakina tanbihi."

Tanbihi mnazijua, yale maneno madogo yanayokaa chini ya ukurasa, yaliyofinywa mpaka yanaumiza macho. Kiboko akashtuka.

"Hakina tanbihi? Unataka kunivunjia heshima! Kitabu bila tanbihi ni barua. Weka tanbihi."

"Niweke zipi?"

"Zozote. Nyingi. Zijae ukurasa."

"Zihusu nini?"

"Zihusu mambo. Hakuna anayezisoma, mradi ziwepo."

Sasa Pimbi alikuwa mtoto wa Majabalini, na kwao jambo huulizwa mara tatu, siku tatu. Siku ya kwanza akamletea karatasi. "Profesa, tanbihi hizi hapa. Utazisoma?"

"Nina kikao."

Siku ya pili akamletea tena. "Profesa, tanbihi hizi hapa. Utazisoma?"

"Najiandaa na kikao."

Siku ya tatu akazishika kwa mikono miwili, akainama kwa adabu. "Profesa, nakuomba kwa mara ya mwisho. Tanbihi hizi hapa. Utazisoma?"

"Wee Pimbi una matatizo gani? Mimi ndiye mwandishi! Umemwona wapi mwandishi anasoma kitabu chake?" Akapokea karatasi, akatia saini kila ukurasa, kwa mguu, ndi, ndi, ndi, mia na themanini.

Siku ya Seneti ikafika. Wanyama walijaa mpaka nje, na wote wana kiu, midomo imepasuka. Bi Twiga akasimama, akatazama mbali. Kunguru akashika kitabu.

"Kwaa! Profesa Kiboko. Kwa sheria ya chuo, mwandishi huapa. Kila neno humu ni lako?"

"Kila neno."

"Kwaa! Ukija kulikana hata neno moja, vitabu vyako vyote vitafunguliwa, na kila mstari utaulizwa nani aliuandika. Umeelewa?"

Mchwa waliokuwa kwenye nguzo wakaacha kutafuna, wakasikiliza. Nyuki wakatua.

"Nimeelewa," akasema Kiboko.

"Kila neno ni lako, hata tanbihi?"

"Hasa tanbihi!" akasema Kiboko. "Tanbihi ndizo zilizonitoa jasho."

Wakapiga makofi. Bi Twiga akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mwenye elimu ya kisima cha Majabalini ni Profesa Kiboko, hana mshirika. Kiboko akawashukuru wote. Kisha akafungua mdomo wake wote, mnaujua ulivyo, akasema, "Sasa nakwenda kuingia kisimani."

Ndi! ndi! ndi! kuelekea Majabalini, Seneti nzima nyuma yake, Kunguru na kitabu kwapani. Wakamkuta Bibi ameketi juani. Kiboko akampita. Akainua mguu, huo, juu ya maji. Tiri-tiri-tiri, maji yakasema chini yake. Watoto wa pimbi wakajificha nyuma ya mama zao. Bibi aliukunja mdomo, akakaza mikono yake juu ya magoti, na ndiyo mara pekee siku ile aliyoonekana kuogopa.

"Profesa," akasema Pimbi. "Samahani. Bado."

"Bado nini?"

"Mwenye elimu ya kisima hunywa mwisho."

Kiboko akacheka. Hoh-hoh-hoh! Akauliza swali lake, lile lile, kwa sauti kubwa ili Seneti isikie. "Limeandikwa wapi?"

"Kwenye kitabu chako," akasema Pimbi. "Ukurasa wa arobaini na moja. Tanbihi ya tisa."

Kunguru akafunua, fya-fya-fya. Akainamisha kichwa, akakaza jicho moja. "Kwaa. Ni kweli. 'Mwenye elimu ya kisima hunywa mwisho, baada ya mdogo kuliko wote na kila anayemfuata kwa udogo.'"

Mguu wa Kiboko ukashuka pembeni.

"Sawa. Nitasubiri. Basi nitaingia wakishamaliza."

"Samahani, Profesa. Mwenye elimu ya kisima hatii mguu majini."

"Limeandikwa wapi?" Safari hii sauti ilikuwa ndogo kidogo.

"Kwenye kitabu chako. Ukurasa wa tisini. Tanbihi ya ishirini na mbili."

Fya-fya-fya. "Kwaa. Ni kweli. 'Mwenye elimu ya kisima hatii mguu majini, wala tumbo, wala sehemu nyingine yoyote.'"

"Na ya sitini, Profesa," akasema Pimbi kwa adabu, "inasema mwenye elimu ya kisima huondoa tope kila alfajiri, yeye mwenyewe. Asiye na kucha atatumia mdomo."

"Limeandi..." akaanza Kiboko, akanyamaza.

"Kwenye kitabu chako!" wakapaza sauti wanyama wote, kutoka kwenye mawe, kutoka kwenye vichaka, hata wale waliokuwa hawajui kusoma.

Kunguru akasoma ya sitini yote, taratibu. Mwishoni kulikuwa na sentensi moja ya ziada: "Mimi, mwandishi, nimeyakubali haya kwa furaha." Chini yake ilikuwepo saini. Mguu mzima.

Kiboko akamtazama Pimbi. Pimbi akatazama jiwe.

"Profesa," akasema Bi Twiga, akiwa bado anatazama vilima, "kuna neno lolote humu unalikana?"

Kiboko akageuza kichwa. Mchwa walikuwa wamepanda nao, wamejipanga. Nyuki nao walikuwepo, zzzz, taratibu tu, bila haraka. Mbayuwayu walikuwa wametanda juu kabisa, na mmoja alikuwa na nakala ya kitabu cha kuruka angani. Kiboko akameza mate, na mate yenyewe hakuwa nayo.

"Silikani," akasema. "Ni langu. Lote."

"Hongera sana," akasema Bibi, akasogea kumpisha.

Basi Profesa Kiboko akajilaza kifudifudi pembeni mwa kisima, akaanza kuchokoa tope kwa midomo, na Bibi akiwa nyuma yake akimwelekeza. Kushoto kidogo. Polepole. Hiyo ni njia ya maji, usivunje. Alipomaliza wakaitwa wanywaji. Wa kwanza walikuwa sisimizi. Sisimizi ni wengi. Na sisimizi akinywa hana haraka, anakunywa, anamsalimia mwenzake, anarudi kumwita shemeji yake. Jua lilikuwa linazama wakati zamu ya Kiboko inafika.

Na kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Barua za mikutano zilimjia kutoka vyuo vya mbali, njoo utueleze siri ya kisima, tutakulipia safari. Akawa anajibu zote kwa maneno yale yale: nasikitika, kila alfajiri nina udhuru wa kitaaluma. Mgongo ulimbabuka, tumbo likaisha. Lakini nisiwe mwongo, alikuja kuwa hodari. Mwaka wa tatu kisima kilitoa maji mengi kuliko zamani. Akimwona mtu anakaribia kukanyaga ukingo, anafoka yeye wa kwanza, na hakuna aliyemsikia tena akiuliza limeandikwa wapi.

Bibi Pimbi, kwa mara ya kwanza tangu usichana wake, akalala mpaka jua linapanda. Pimbi alimletea uji kitandani. Akamwonyesha kitabu, na jina la Kiboko kwenye jalada, kubwa hilo, la dhahabu.

"Bibi, huumii?" akamuuliza. "Jina lako halimo hata mara moja. Mimi nilitaka kuliandika, akakataa."

Bibi akapuliza uji. Fuu, fuu.

"Nimekichimba kisima kile miaka arobaini bila jina," akasema. "Acha na yeye akichimbe na jina lake."

Akanywa uji wake, akajifunika shuka, akalala tena.

Ngano haikosi mafunzo, maana bila mafunzo mtasema niliwapotezea muda. Mafunzo ni haya. Waheshimuni maprofesa. Profesa akitaka jina lake litangulie, mtangulizeni. Akisema kila neno ni lake, msibishane naye, mpeni kila neno, msimnyime hata lile dogo la chini. Na nyinyi wadogo msijisumbue kuandika tanbihi, hazina kazi yoyote duniani, hakuna anayezisoma.

Mimi nimezipiga chapa miaka ishirini na sita. Nyingine wenyewe walinipa nizimalizie. Kuna mkubwa mmoja, simtaji, huwa anasimama jukwaani na joho jekundu. Kila akipita hapa ananiita "wewe mama," nami namwitikia "abee, Profesa," kwa adabu zote. Tanbihi yake ya mia na nane hajaifikia bado.

"Bi Chapa, inasemaje?"

Kibwana, nilikwambia uweke simu chini. Nimetoa!

"Tumepokea!"

Ikiwatosha?

"Tutaivaa!"

Ikiwabana?

"Tutampa mwenye tumbo kubwa!"

Haya, umeme huo umerudi. Nani wa kwanza? Hapana, wewe mrefu rudi nyuma. Aanze mdogo.